Sampuli ya 384 kwenye pendekezo la utafiti: inatoka wapi, na ni lazima niitumie?

Nasra_uzamili

Habari za humu wakuu. Nasoma shahada ya uzamili katika elimu, chuo kikuu cha umma. Masomo ya darasani tumemaliza, sasa tupo kwenye kuandika pendekezo la utafiti. Mada yangu ni matumizi ya maktaba ya kidijitali kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kitivo kimoja. Wapo 620, katika programu tatu: 310, 186 na 124.

Sura ya tatu nimeandika sampuli ya watu 384 "kwa mujibu wa Krejcie na Morgan", kama ilivyo kwenye tasnifu nyingi nilizopitia. Msimamizi ameizungushia namba hiyo kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Kwa nini?" Basi, hakuongeza kitu.

Hojaji nimepanga kuzigawa kwenye chumba cha kompyuta cha maktaba, maana wanafunzi wanapatikana pale kirahisi. Kisha nitahoji wachache ana kwa ana, na nataka pia kulinganisha wanaokaa hosteli na wanaokaa nje ya chuo. Mwenye uelewa anisaidie, nina kikao na msimamizi wiki ijayo. Natanguliza shukrani.

Njiapanda

Achana na jedwali la Krejcie na Morgan, tumia kanuni ya Yamane. 620 gawanya kwa 1 + (620 × 0.0025), jibu 243. Weka na mwaka 1967 kwenye mabano, watakupitisha. Wengi tumepita hivyo.

Mchambuzi_K

Dada Nasra, nafundisha takwimu na huwa nakaa kwenye kamati za kupitia mapendekezo, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu. Jambo hili linaniuma. Tunatumia semista nzima kufundisha mbinu za utafiti, kisha mwanafunzi anafika sura ya tatu anachukua namba kwa mtu mwingine, wakati vifaa vya kuipata mwenyewe anavyo kwenye daftari lake.

Tuanze na inakotoka. Ukitaka kukadiria asilimia ya watu wenye sifa fulani, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5 juu au chini, unachukua mraba wa 1.96, ambao ni 3.8416. Unazidisha kwa 0.5 mara 0.5, kisha unagawanya kwa mraba wa 0.05, yaani 0.0025. Jibu ni 384.16. Hiyo 0.5 inawekwa kwa tahadhari: hujui ni wangapi wanatumia maktaba hiyo, basi unachukua hali yenye utofauti mkubwa kuliko zote, nusu wanatumia na nusu hawatumii. Krejcie na Morgan mwaka 1970 walichofanya ni kumrahisishia mtu kazi. Walichukua kanuni iliyokuwepo, wakaikokotoa kwa idadi mbalimbali za watu na kuipanga kwenye jedwali. Yamane naye ni kanuni ileile, ila badala ya 1.96 anatumia 2, ndiyo maana kwake namba kubwa kabisa ni 400. Kwa hiyo ndugu yangu Njiapanda, kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hakujibu "kwa nini" ya msimamizi.

Sasa angalia jedwali lenyewe. 384 ipo mstari wa mwisho, wa watu 1,000,000. Wewe una 620. Mstari wa 600 unasema 234, wa 650 unasema 242. Ukikokotoa mwenyewe, 384.16 gawanya kwa 1 + (383.16 ÷ 620), unapata 237.4. Unapandisha, 238. Nadhani kalamu nyekundu ilianzia hapo.

Lakini kama ningekuwa mimi msimamizi wako, kalamu yangu ingeenda kwenye chumba cha kompyuta. Hesabu yote hiyo inadai kitu kimoja: kila mmoja wa wale 620 awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukisimama kwenye chumba cha kompyuta cha maktaba, utakutana na wanaoingia kwenye chumba hicho. Asiyejua hata nywila yake ya maktaba, ambaye utafiti wako unamhitaji kuliko wote, hatapita mbele yako. Utaondoka na asilimia kubwa sana ya watumiaji, na itakuwa imetokana na mahali uliposimama.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu takriban milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa wingi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na tena waliojibu walikuwa sehemu ndogo tu ya waliotumiwa. Sampuli ya mamilioni ilikosea, wakati George Gallup, mtafiti wa kura za maoni, kwa sampuli ndogo zaidi, iliyopangwa vizuri, alimtaja mshindi.

Kwa hiyo nenda ofisi ya usajili na barua ya kitivo, omba orodha ya mwaka wa kwanza. Wape namba 1 hadi 620, programu ya kompyuta ikuchagulie kwa bahati nasibu ndani ya kila programu ya masomo kwa uwiano: 119 kutoka kwenye wale 310, 71 kutoka kwenye 186, na 48 kutoka kwenye 124. Jumla 238. Kisha watafute hao hao, kwenye ukumbi wa mihadhara au popote walipo. Inachosha, najua. Ila mtu akikuuliza "kwa nini" utakuwa na la kusema kwa kila tarakimu.

Bint_Maktaba

Naongezea upande wa mahojiano, maana hapo ndipo wengi wanachanganya. Usiipeleke kanuni hiyo kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Huko hukadirii asilimia, unatafuta kuelewa. Unaendelea kuhoji hadi watu wapya waache kukuletea jambo jipya, dhana iliyowekwa na Glaser na Strauss mwaka 1967. Guest na wenzake mwaka 2006 walipitia mahojiano yao 60 waliyofanya Ghana na Nigeria, wakaona hoja karibu zote zilikwishajitokeza kwenye mahojiano 12 ya kwanza. Lakini watu wao walikuwa wanafanana, na mada ilikuwa moja. Wewe una wa hosteli na wa nje, basi usifunge namba mapema. Andika kwamba utaanza na kadhaa kila upande, na ueleze utajuaje kuwa inatosha.

Na wachague kwa makusudi. Mtafute yule ambaye hojaji yake imeonyesha hajawahi kuingia. Hao ndio waliotufundisha sisi wa maktaba mambo mengi.

Nasra_uzamili

Asanteni sana, nimeandika yote. Mwalimu Mchambuzi, swali la kulinganisha hosteli na nje ya chuo. Je, 238 inatosha kwa hilo pia? Kwenye orodha ya wasimamizi wa malazi, wa hosteli ni karibu robo tu ya mwaka wa kwanza.

Mchambuzi_K

Hapo swali limebadilika, na hesabu lazima ibadilike. 238 imetoka kwenye kukadiria asilimia moja ya kundi lote. Kulinganisha makundi mawili kunauliza: tofauti ikiwepo kweli, nina uwezekano gani wa kuiona? Rejea kazi za Jacob Cohen. Ukilinganisha wastani wa alama za makundi mawili, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo) na kiwango cha asilimia 5 (uwezekano wa kudhani ipo wakati haipo), tofauti ya kati inahitaji watu 64 kila kundi. Tofauti kubwa inahitaji 26. Tofauti ndogo inahitaji zaidi ya 390 kila kundi, na hao huwapati hata ukihoji kitivo kizima.

Robo ya 238 ni kama 60, na hapo bado hujaondoa watakaokataa kujibu. Una njia mbili. Ya kwanza, wachague wa hosteli wengi kuliko uwiano wao, kisha unapokadiria asilimia ya kitivo kizima uwape uzito wa kurudisha uwiano. Ya pili, ulinganisho huo uuweke kama lengo la nyongeza na useme wazi kwamba utafiti wako unaweza kuona tofauti ya kati au kubwa, ndogo hapana. Mimi ningechagua ya pili. Muda wa tasnifu ya uzamili ni mfupi, na lengo moja lililofanywa kwa ukamilifu lina thamani kuliko matatu yaliyoguswa juu juu.

Chaki_na_Ubao

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nachagua madarasa mazima ya sekondari, wanafunzi 20 kila darasa. 384 inanihusu?

Mchambuzi_K

Hapana, kwako itakuwa ndogo mno. Wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja na ratiba moja, wanafanana. Mtu wa ishirini wa darasa hilo hakuongezei habari nyingi kama mtu wa kwanza wa darasa jingine. Leslie Kish alitupa kanuni ya kurekebisha: 1 + (20 − 1) × kiwango cha kufanana. Ukichukua kufanana kwa 0.1, unapata 2.9. Mara 384, ni 1,114. Ukiweza, chukua madarasa mengi zaidi na wanafunzi wachache kila darasa. Kwa wanafunzi 10, kizidishio kinashuka hadi 1.9, na sampuli hadi 730. Fungua uzi wako na uweke idadi ya shule, nitakuja.

Nasra_uzamili

Nimeandika hivi, naomba mniangalizie kabla ya kikao:

"Sampuli ya wanafunzi 238 imekokotolewa kwa kukadiria uwiano mmoja katika kundi la watu 620, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Washiriki watachaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya usajili, kwa uwiano wa programu tatu."

Mchambuzi_K

Imekaa vizuri, dada. Mambo mawili tu. Sio wote watakaojibu. Ukitarajia wanane kati ya kumi, gawanya 238 kwa 0.8, utahitaji kuwafuata 298: yaani 149, 89 na 60. Iandike namba hiyo pamoja na sababu yake, na ukimkosa mtu usimbadilishe na aliyekaa jirani yake. Mrudie, na akikataa mhesabu kama aliyekataa. La pili, kwenye sentensi ya orodha ya usajili weka tarehe ambayo orodha ilitolewa. Wiki za mwanzo wanafunzi wanahama programu, na 620 ya leo inaweza isiwe 620 ya mwezi ujao.