Mfuatano wa namba unamtesa kijana wangu wa darasa la saba, naombeni msaada

MamaUjiji: Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu hesabu za sehemu (nusu, robo) anafanya vizuri, kugawanya hana shida, ila likija swali la "andika namba inayofuata" anabahatisha tu. Jana kapewa 3, 8, 15, 24, 35, ___ akajaza 46. Nikamuuliza umeipataje, akasema hapo mwisho wameongeza 11, na yeye kaongeza 11. Mimi nashinda Kibirizi na dagaa, hesabu zangu ni za faida na hasara. Nimwelekezeje?

Ticha_Kasulu: Pole dada. Huyo mtoto ana akili, kaona 11. Tatizo kaangalia hatua moja badala ya hatua zote. Mwambie chini ya kila namba mbili aandike tofauti yake:

3, 8, 15, 24, 35
5, 7, 9, 11

Mstari wa pili ni namba witiri zinazofuatana, kwa hiyo inayokuja ni 13. 35 + 13 = 48. Asijaze chochote kabla hajaandika huo mstari wa chini, hata kama jibu analiona.

Mzee wa Reli: Na akishazoea, muonyeshe pia kwamba 3 ni 4 kutoa 1, 8 ni 9 kutoa 1, 15 ni 16 kutoa 1. Hizo 4, 9, 16 ni vipeo vya pili, yaani namba iliyozidishwa kwa yenyewe (2 × 2, 3 × 3, 4 × 4), kila kimoja kimepunguzwa 1. Inayofuata 49 kutoa 1. Njia mbili, jibu moja, hapo hana wasiwasi tena.

Bonge la Mwanga: Mnamchosha mtoto bure. Akariri kanuni, mtihani ni kukariri.

Ticha_Kasulu: Akariri kanuni ipi mkuu? Chukua 2, 6, 7, 21, 22, ___. Tofauti ni 4, 1, 14, 1. Hizo 1 zinazojirudia ndizo zinazokupa siri: zidisha kwa 3, ongeza 1, zidisha kwa 3, ongeza 1. Jibu 66. Hakuna kanuni ya kukariri hapo.

Kwenye zinazoongezeka sawasawa, kanuni ipo, ila wengi wanaikosea. 7, 11, 15... namba ya 20 ni ipi? Wanafanya 20 × 4, kisha wanajumlisha 7. Hapana. Ukisimamisha nguzo 20 za uzio kwa mstari mmoja, nafasi kati yake ni 19. Kwa hiyo 7 + 19 × 4 = 83.

Dogo wa Chuo: Mimi naongeza la uchokozi. 2, 3, 5, ___ ni ngapi? Ukisema namba tasa (zinazogawanyika kwa 1 na zenyewe tu), 7. Ukisema kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, 8. Zote sahihi. Kuna kali zaidi: chora duara, weka nukta pembezoni, unganisha kila nukta na kila nyingine, hakikisha mistari mitatu haikutani sehemu moja, kisha hesabu vipande. Nukta 1 hadi 5 zinatoa 1, 2, 4, 8, 16. Nukta ya sita? Wote mtasema 32. Ni 31.

MamaUjiji: Mh! Sasa swali kama hilo likija kwenye mtihani?

Ticha_Kasulu: Haliji, usiwe na hofu. Swali lililotungwa vizuri linatoa namba za kutosha. Kijana atafute kanuni nyepesi inayoziunganisha ZOTE, siyo mbili za mwisho. Huyo wa chuo usimsikilize usiku huu.

Dogo wa Chuo: 😂😂

MamaUjiji: Ahsanteni sana. Kaandika mstari wa chini, ile ya kwanza kaipata. Sasa kakwama kwenye 1, 2, 6, 24, 120, ___. Tofauti anapata 1, 4, 18, 96, anasema hazieleweki.

Mzee wa Reli: Zikikua haraka hivyo, aache kutoa, agawanye. 2 kwa 1, 6 kwa 2, 24 kwa 6, 120 kwa 24. Majibu ayapange kwa mstari vilevile. Na wewe mama, jibu usimtajie.

MamaUjiji: Hata silijui 😂 Ngoja kwanza... anapiga kelele huku, anasema 720?

Mzee wa Reli: Ndiyo hiyo. Mpe 5, 10, 20, 40 halafu aangalie tofauti zake zinafanana na nini.