Naomba ushauri: tunataka kukata mti wa Krismasi wenyewe

Wakuu, habari za majukumu. Desemba hii tunapanda Moshi na watoto watatu, na nimeshawaahidi kuwa mti wa Krismasi tutauchagua na kuukata wenyewe shambani kwa babu yao. Mpakani kuna mstari wa misaiprasi aliyopanda mzee zamani. Ule wa plastiki wa Dar wameuchoka (mbwa alishatafuna nusu ya majani, tuyaache hayo).

Sasa, mwaka juzi shemeji alikata wake siku kumi kabla ya sikukuu, akausimamisha kwenye ndoo ya mchanga mkavu, tena dirishani penye jua. Kufika tarehe 24 ukiugusa tu majani yanapukutika sebule nzima. Nimeambiwa shina likatwe tena kidogo kwa chini kabla ya kuliweka majini, maana utomvu huziba. Je, mchanga uliolowa unatosha, au ni bora ndoo ya maji na mawe ya kuushikilia?

Mke wangu naye anasema kuangusha mti mzima kwa ajili ya wiki mbili ni uharibifu, tukate kilele tu. Kilele kikiondoka, saiprasi inachipua au ndiyo basi? Ule mstari ndio ua wa mzee, na lawama zake huwa hazina likizo.

Halafu kitinda mimba ana miaka minne na anataka kushika panga. Nyie wadogo mnawapa kazi gani?