Tupeane uzoefu: inveta ya modifaidi na vifaa vinavyodeka

Wakuu, tuweke hapa tuliyoyaona wenyewe, siyo maneno ya dukani. Wengi wa sola ya nyumbani tumeanzia kwenye inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa volti 230) ya modifaidi, yaani ile ambayo wimbi lake la umeme ni la ngazi ngazi, siyo laini kama la gridi, kwa sababu ya bei, na muuzaji anakwambia inawasha kila kitu. Kuwasha inawasha. Ninachotaka kujua ni kipi kinadumu na kipi kinakufa polepole.

Naanza. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi, Kilosa. Laptopu na simu hazijanisumbua, kwa kuwa chaja zake hugeuza umeme kuwa DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) kabla ya kitu kingine chochote. Printa ya leza nimeitoa kabisa. Hita inayoyeyusha ile wino ya unga hupimiwa umeme kwa kufuata wimbi linapovuka sifuri, na wimbi la modifaidi halivuki moja kwa moja, linatua hapo kwanza. Ilikuwa inakata katikati ya kazi. Kwenye inveta ya pyua (ya wimbi laini kama la gridi) yenye wati zilezile, inachapa vizuri.

Fundi, Masasi
Mezani kwangu zinajaa tochi za kuchaji na mashine za kunyolea. Nyingi hazina transfoma ndani. Volti 230 inapunguzwa na kapasita moja tu. Umeme wa gridi hupanda na kushuka kwa mteremko. Wa modifaidi unaruka ghafla, na kila unaporuka mkondo mkubwa unapita kwenye ile kapasita. Inachemka mpaka inapasuka, au resista ya jirani inaungua. Taa za LED za bei ya chini, nazo ni vivyo hivyo.

Halafu ndugu zangu, angalieni mita. Mita ya kawaida hukadiria volti kana kwamba wimbi ni laini, kwa hiyo kwenye modifaidi inaweza kusoma 180 wakati inveta iko sawa kabisa. Inayopima RMS halisi (volti ya kweli, wimbi liwe la umbo lolote) ndiyo itakuonyesha 230. Nimeletewa TV iliyoungua baada ya mtu kufungua inveta isiyo na kasoro ili "aongeze umeme". Inaniuma, maana TV ile haikuwa na tatizo lolote.

Mwanakwaya, Bukombe
Amplifaya yetu ya transfoma ilikuwa inanguruma mpaka mahubiri hayasikiki, na transfoma inachemka. Tulinunua pyua ndogo kwa ajili ya vyombo vya sauti peke yake. Taa na feni zimebaki kwenye ile ya zamani, ingawa feni inavuma.

Kitui
Mamangu anatumia mashine ya oksijeni. Kitabu chake kinasema pyua, nami sibahatishi: kompresa yake ni mota, na mota kwenye modifaidi hupata joto kupita kiasi. Stima ikipotea, pyua ndiyo inaishika, na mtungi wa akiba uko kando ya kitanda. Tafadhali, mwenye mgonjwa nyumbani asijaribu modifaidi.

Mwenye ruta, Njombe
Someni nyuma ya ruta na king'amuzi, vingi vimeandikwa 12V DC. Inveta inapandisha 12 kuwa 230, adapta inashusha tena kuwa 12, na chaji inapotea njiani. Mimi nimefunga kibadilishi cha DC kinachoshikilia 12 hata betri ikifika 14.4 mchana, na fyuzi karibu kabisa na betri. Inveta naiwasha kwa ajili ya TV tu.