Ramani ya nyumba atakayoijenga mtu asiye fundi, nisaidieni

BintiMaweni:
Assalam alaykum jamani. Nnamchorea mdogo wangu nyumba ya vyumba viwili huku Micheweni, Pemba, yeye mvuvi mkewe analima mwani, pesa ya kumweka fundi miezi mitatu hawana lakini mikono wanayo na ndugu wapo. Ramani ya mwanzo nilotoa ina kona 10 na paa la pande nne. Wifi kaiangalia kimyaa halafu kaniuliza "sasa hapa bati tunalikata vipi?" Wallahi roho iliniuma maana hata mie sikujua. Nataka niichore upya, nipunguze nini?

FundiWete:
Waalaykum salaam dada. Suali la wifi yako ndo la kuanzia. Kona 4 basi, paa pande mbili, hilo la pande nne bati zinakatwa mshazari na pale zinapokutana masika ndo panapovuja. Tofali la simenti ni inchi 18 kwa urefu, kwa hiyo kuta zako zipange kwa tofali zima au nusu tofali tu, asozoea akianza kukata vipande anavunja matatu apate kimoja. Kona kukaa skwea, yaani pembe mraba, wataweza wenyewe, kamba futi 6 upande huu, futi 8 upande ule, ukivuta ncha kwa ncha ikaja futi 10 kamili basi imekaa, haikuja sogeza kigingi. Fundi mwiteni siku ya msingi, siku za kunyanyua kona kwa timazi (kamba yenye uzito ya kupimia wima), na siku ya kenchi, yaani mbao za kubeba paa. Baina ya kona wajaze wao kwa kufuata kamba. Na mchanga wa pwani wasiuguse, chumvi inakula nondo.

Mtu wa Makunduchi:
Kule Iquique, Chile, mwaka 2004 msanifu Alejandro Aravena na wenzake walijenga nusu nyumba, yaani yale magumu, choo, jiko, ngazi, kuta kubwa, nafasi ya pembeni wenyewe wakaimalizia kidogo kidogo. Sie huku tunaanza na banda la uwani tunahamia, ila hatuchori mapema, chumba cha pili kikija paa halikutani na la mwanzo. Dada chora yote sasa, wajenge chumba kimoja na choo, ukuta wa mwisho waache meno, yaani tofali zinazotokeza, ili mpya uje ushike.

BiMkubwa_Chake:
Wanangu na udongo mnauacha kwa nini? Kukandika kunataka watu tu, unawapikia wali. Kiambaza changu kimesimama kwa sababu mbili, chini msingi wa mawe mpaka magotini na upenu mrefu mvua isipige ukuta. Huko Micheweni mawe si mnayakanyaga?

BintiMaweni:
Ahsanteni sana, Bi Mkubwa msingi wa mawe nnauchukua. Jana nimemchorea wifi kwa mkaa sakafuni, kapanga tofali 6 kwa 6 kavu kavu, kaingia ndani kalala kupima kitanda, kasema panatosha. Fundi, hayo meno waache kila mstari?

FundiWete:
Mstari mmoja utokeze nusu tofali, wa juu yake usitokeze, hivo hivo mpaka linta, boriti ya juu ya milango na madirisha.