Orodha za kila wiki za wachezaji wa zamani wa Oklahoma State ni ubabaishaji mtupu, na wanawake mmewafuta kabisa

Wakuu,

Kila Jumatatu inabandikwa humu orodha ya "vijana wetu wa Stillwater kwenye Tour", yaani waliosoma Oklahoma State (chuo cha Marekani kilichoko mji wa Stillwater) na sasa wanacheza gofu ya kulipwa kwenye PGA Tour, mzunguko mkuu wa wanaume wa Marekani, na kila Jumatatu ina makosa yale yale. Kuna watu wanaanza kufuatilia gofu leo na wanaamini kila namba wanayoisoma humu. Mnawalisha matango pori.

Naanza na baya kuliko yote. Tarehe 1 Juni 2025, Maja Stark alitwaa US Women's Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu ya wanawake, pale Erin Hills, Wisconsin, akiwa mikwaju 7 chini ya kiwango cha uwanja, mikwaju 2 mbele ya Nelly Korda na Rio Takeda. Stark alichezea Oklahoma State. Siku nne kabla yake, timu ya wanaume ya chuo hicho hicho ilichukua ubingwa wake wa 12 wa NCAA (michezo ya vyuo vya Marekani) kule La Costa, California, kwa kuifunga Virginia 4-1. Ubingwa wa taifa na taji kubwa ndani ya wiki moja, kutoka chuo kimoja! Orodha za wiki ile zikajaa Memorial, shindano la PGA Tour la wanaume, peke yake. Stark hakuwepo hata kwenye mstari wa mwisho.

Wala si yeye tu. Pernilla Lindberg alishinda ANA Inspiration, taji jingine kubwa la wanawake, mwaka 2018 kwa kumtoa Inbee Park kwenye shimo la nane la mchezo wa ziada, siku ya Jumatatu, kwa sababu giza la Jumapili liliwakuta hawajamalizana. Caroline Hedwall alikuwa bingwa binafsi wa NCAA mwaka 2010, na kwenye Solheim Cup ya 2013 (wanawake wa Ulaya dhidi ya Marekani) akashinda mechi zake zote 5, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Hao nao ni wa Stillwater. Ukiandika "wachezaji wa zamani wa chuo" na ukaishia PGA Tour, badilisha kichwa cha habari uandike "wanaume". Ratiba ya LPGA (mzunguko wa wanawake wa Marekani) na ya Ladies European Tour (wa Ulaya) ziko wazi kwa kila mtu, na hazikuli hata dakika kumi.

Kosa la pili linatia aibu: kuchanganya vyuo. University of Oklahoma iko Norman, Oklahoma State iko Stillwater, na hao ni mahasimu wa jadi. Abraham Ancer ni wa Norman. Anthony Kim ni wa Norman. Max McGreevy na Quade Cummins pia. Bado nawaona wakiingizwa kwenye orodha yetu kwa sababu mtu ametafuta neno "Oklahoma" kwenye programu akanakili kilichotokea. Jedwali la matokeo halikuchujii wachezaji kwa chuo. Lazima uwe na orodha yako ya majina uliyoihakiki mmoja mmoja kwenye wasifu wa mchezaji, na uiguse upya kila Juni wahitimu wapya wanapogeuka kulipwa. Waliohama vyuo nao wawekewe alama. Hunter Mahan alianzia USC kabla ya kwenda Stillwater, kwa hiyo USC nao wana haki ya kumtaja.

Sasa namba zenyewe. Mnaona "T12" mnaandika "nafasi ya 12". Herufi ile maana yake wamefungana. Wakifungana watu 7 kwenye T12, wanakalia nafasi ya 12 hadi ya 18, na fedha za nafasi zote saba zinajumlishwa kisha kugawanywa sawa. Juu kabisa ya jedwali tofauti inauma zaidi. Kwenye shindano la kawaida la PGA Tour wa pili hupata asilimia 10.9 ya kitita na wa tatu 6.9. Wawili wakifungana nafasi ya pili, kila mmoja anapata 8.9, na pointi nazo zinagawanywa kwa mtindo huo huo. Kwa hiyo zile hesabu zenu za "mchezaji wetu amevuna dola kadhaa", mlizozitoa kwenye nafasi bila kuangalia waliofungana, ni za uongo karibu kila wiki.

Pointi ni balaa jingine. Mshindi wa shindano la kawaida la PGA Tour anapata 500 za FedEx Cup (jedwali la pointi za msimu), la hadhi ya juu 700, mashindano makubwa manne na Players 750, na yale yanayochezwa wiki moja na shindano kubwa zaidi 300 tu. Viktor Hovland, naye wa Stillwater, aliposhinda Puerto Rico Open Februari 2020, lilikuwa la aina hiyo ya mwisho, na halikuja na mwaliko wa Masters, moja ya yale makubwa manne. Mtu anauweka ushindi ule sawa na Memorial ya 2023 kana kwamba ni kitu kimoja. Halafu Korn Ferry Tour, mzunguko wa daraja la pili chini ya PGA Tour, nayo hutoa 500 kwa mshindi wa shindano lake la kawaida, lakini hizo ni za jedwali la Korn Ferry, hazihami. Zinajumlishwa humu! Kule kinachohesabika ni kumaliza msimu ndani ya 20 bora ili kupata kadi, yaani haki ya kucheza PGA Tour. Zilikuwa kadi 30 hadi 2024, tangu 2025 ni 20. Mchezaji aliye wa 24 mwezi Septemba ana presha kuliko aliye wa 60, na ripoti isiyoonyesha mstari huo haijamwambia msomaji chochote.

LIV, mzunguko hasimu wa PGA Tour. Mwaka 2025 walikuwa wachezaji 54, raundi tatu, hakuna mchujo (kuwaondoa walio chini baada ya raundi mbili), kila anayemaliza analipwa. Nafasi ya 30 pale maana yake umewapita watu 24. Nafasi ya 30 kwenye shindano la watu 144 maana yake umewapita 114, tena baada ya kuvuka mchujo wa 65 bora na waliofungana nao. Kuanzia 2026 wamehamia mashimo 72, kwa hiyo hata jumla ya mikwaju ya tangu hapo hailinganishwi na ya zamani. Talor Gooch mwaka 2023 alishinda Adelaide, Singapore na Valderrama, akawa bingwa wa msimu wa LIV. Nusu yenu mlimfuta, nusu mkaandika "ushindi 4 wa PGA Tour" kwa kujumlisha na RSM Classic ya 2021. Hesabu sahihi kufikia mwisho wa mwaka ule: 1 wa PGA Tour, 3 wa LIV, kila kimoja kwenye safu yake.

Na jamani, angalieni mtu yuko wapi sasa. Eugenio Chacarra alishinda LIV Bangkok mwaka 2022, lakini Machi 2025 alishinda Hero Indian Open akiwa DP World Tour, mzunguko wa wanaume wa Ulaya. Mpaka leo kuna orodha zinamtafuta LIV, hazimwoni, zinaandika "hakucheza". Alex Noren mwaka 2025 alishinda British Masters na BMW PGA Championship ya Wentworth, zote Ulaya. Anayefungua jedwali la Marekani peke yake amekosa mataji mawili ya mtu mmoja ndani ya wiki chache.

"Hakucheza" lenyewe lina maana nyingi. Kuna aliyepumzika, kuna aliyejitoa (WD), kuna aliyekuwa wa akiba na nafasi haikumfikia, na kuna aliyeshindwa mchujo wa Jumatatu wa kugombea kuingia shindanoni, ambao kwa miaka mingi ulitoa nafasi 4 na tangu 2026 umebanwa zaidi. Kijana mwenye kadi ya daraja la chini hachagui kupumzika. Anasubiri simu.

#2
Mkuu umeeleweka, ila sisi wa Afrika Mashariki tunaandika usiku. Jumapili ukisubiri mpaka mwisho kunakucha. Ndiyo maana wengi wananakili kilichopo saa tano usiku.

#3 (mwanzisha uzi)
Ndugu, hapo ndipo makosa yanapoanzia. Saa tano usiku wa Jumapili kwetu ni saa kumi alasiri pwani ya mashariki ya Marekani wakati wa kiangazi, na walio juu ya jedwali bado wako uwanjani. Wengi humaliza karibu saa saba usiku wetu. Januari na Februari wakiwa California, ongeza mpaka saa nane na nusu. Usisubiri. Lala, andika Jumatatu asubuhi matokeo yakiwa rasmi.

Majina ya washiriki hufungwa Ijumaa ya wiki iliyotangulia shindano saa kumi na moja jioni ya kule, yaani saa sita usiku kwetu, au saa saba kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba mpaka Jumapili ya pili ya Machi. Saa za kuanza hutoka Jumanne yao. Kinyota kando ya saa ya mchezaji maana yake ameanzia shimo la 10, kwa hiyo ukiona amecheza 9 amemaliza nusu ya pili ya uwanja, siyo ya kwanza. Alhamisi msiwaandike wanaoanza mchana kuwa "wako nyuma" wakati hawajapiga hata mpira mmoja.

Naomba wasimamizi: orodha isiyo na safu ya mzunguko, idadi ya washiriki, alama ya T na sehemu ya wanawake irudishwe kwa mwandishi airekebishe kabla haijabandikwa.