Kujiunga na maabara ya utafiti wa wanyamapori chuoni

Swali: Ndugu zangu, nimehitimu shahada ya kwanza ya biolojia na ninatamani kujiunga na maabara ya chuo kikuu inayotafiti uhifadhi wa wanyamapori. Je, nimwandikie profesa moja kwa moja, au nisubiri tangazo la udahili?

Jibu la kwanza: Mwandikie mapema, kwa kuwa katika vyuo vingi mwanafunzi wa uzamili hukubaliwa pale tu msimamizi anapokuwa na nafasi na fedha za mradi. Soma makala zake mbili tatu, kisha ueleze swali la utafiti linalokuvutia. Barua inayotumwa kwa maprofesa wengi bila kubadilishwa neno hutambulika mara moja.

Jibu la pili: Naongezea kwamba kupenda wanyama hakutoshi, maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani, kwenye takwimu na R, programu ya kompyuta ya kuzichambua. Ukitaka kuonja, mradi wa Snapshot Serengeti, uliofunguliwa mtandaoni mwaka 2012, umewashirikisha watu wa kujitolea katika kutambua wanyama kwenye picha za kamera zilizotegwa porini.