Daktari wa presha na daktari wa akili hawaongei, mamangu yuko katikati

Bint_Kisauni
Asalaam aleikum jamani, naomba ushauri maana nimekwama. Mamangu ana presha miaka mingi, anatibiwa na daktari wa hapa mtaani anayetujua nyumba nzima. Mwaka jana akaugua akili, usiku halali, anaongea na watu sisi hatuwaoni, tukazunguka kwa masheikh akasomewa weee mwishowe tukampeleka kwa daktari wa akili huko kisiwani, akaandikiwa olanzapini, dawa ya akili anayokunywa usiku, na alhamdulillahi ametulia, anapika, harusini anaenda. Sasa amenenepa hata mabuibui hayamwingii, kila saa ataka chai na mahamri, na juzi daktari wa mtaa kumpima sukari ni 14, iko juu. Akamwandikia metformini ya kushusha sukari, habari ya ile dawa ya usiku hana kabisa sababu mama amenikataza nisiseme, anayekaa mapokezi pale ni jirani yetu. Nikaenda kwa yule wa akili kumwambia habari za sukari, akanijibu hiyo mwambie daktari wenu wa presha. Yani mimi ndio napeleka maneno huku na huku na sijasomea dawa. Nani kati yao afaa kushika hili jambo? Na hiyo olanzapini nimkatishe?

KO_Likoni
Usimkatishe dadangu, tafadhali sana. Mimi ni klinikal ofisa, wengi tunaowapokea wamezidiwa tena ni kwa sababu watu wa nyumbani waliona mgonjwa ametulia wakaona dawa basi, ama waliona unene wakaogopa. Olanzapini yajulikana kwa kuleta njaa, uzito, sukari na mafuta kwa damu. Ndio maana mtu anafaa kupimwa uzito na sukari kabla hajaanzishwa, apimwe tena baada ya miezi kama mitatu, halafu angalau kila mwaka. Wa akili ndiye anajua kama dozi yaweza kushushwa polepole au mama ahamishwe kwa dawa isiyonenepesha sana kama aripiprazoli, na wa mtaa ndiye anamuona kila mwezi na kujua sukari yaelekea wapi. Hapo kila mmoja anamhitaji mwenzake. Yule wa mtaa asipoambiwa ataongeza dawa za sukari tu na hajui ni nini kinaipandisha.

Muombe wa akili barua. Fupi tu, ugonjwa gani, dawa gani na miligramu ngapi, tangu lini, vipimo gani vifanywe, na akiona dalili gani amrudishe haraka. Na namba ya simu hapo chini, hiyo usiisahau, daktari akiwa na namba ya mwenzake atapiga, akiwa hana atakutuma wewe tena.

Mwana_wa_Mikindani
Naunga mkono na niongeze yaliyotukuta sisi. Kakangu alikuwa anatumia lithiamu, nayo ni dawa ya akili, mzima kabisa, anaenda kazini. Akashikwa na mgongo akaenda zahanati fulani akapewa diklofenaki ya maumivu, hakuna aliyemuuliza wewe unatumia dawa gani nyingine. Kumbe diklofenaki inafanya figo zisiitoe lithiamu vizuri, inajaa mwilini. Siku chache tu mikono yatetemeka hata kikombe hakishiki, anatapika, anaharisha, maneno yamelegea mdomoni, na sisi nyumbani tunasema ugonjwa umerudi!! Ilikuwa dawa imezidi kwa damu. Na kuna dawa za presha pia zafanya hivyo hivyo, enalaprili na hizi za kukojoza. Sasa popote aendako anabeba pakiti zake zote, hata duka la dawa anazimwaga kaunta.

Khala_Majengo
Nawaelewa wanangu lakini mbona hakuna aliyesema mama aulizwe? Siri ni yake. Akisikia barua imepita nyuma ya mgongo wake ataacha madaktari wote wawili. Na aibu yake si ya bure, hapa mtu akishapewa jina la mwendawazimu hata posa za binti zake zaogopwa. Kaa naye umwambie dawa moja inagusa nyingine. Barua itiwe kwa bahasha ifungwe, aitoe yeye mwenyewe mkononi mwa daktari mlango umefungwa, wa mapokezi haimhusu.

Nyali_Std
Mi nasomea afya ya jamii. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002, IMPACT, wazee 1,801 wa miaka 60 na zaidi wenye sonona, kwenye kliniki 18 za kawaida. Baada ya mwaka, kwa waliotibiwa na timu, 45 kwa mia dalili zilipungua nusu au zaidi, wa matibabu ya kawaida ni 19 kwa mia. Ugonjwa ni tofauti na wa mama, sawa, ila angalia walivyopanga. Dawa anaandika daktari wa kawaida, katikati kuna nesi au mwanasaikolojia anayepigia wagonjwa simu na kuwapima dalili, na kila wiki anakaa na daktari wa akili wanapitia wale wasiopata nafuu. Wagonjwa wengi hata hawamuoni huyo wa akili. Yule wa katikati ameajiriwa na anajua dawa, wewe umebebeshwa kazi yake bila mafunzo. Si haki, na kaunti ingeweza kuanza na nesi mmoja tu.

Bint_Kisauni
Shukran sana nyote. Khala nimekaa na mama, amekubali, ila bahasha ataibeba mwenyewe. KO, hiyo sukari ya kurudia apimwe kabla ya kula?

KO_Likoni
Ndio, akae masaa manane bila chakula, maji anywe. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu hakina haja ya kufunga. Matokeo chukua kopi mbili, moja kwa kila daktari.